Daktari wa TV Hakukupima Wewe, Mama

Mama mpendwa,

Chamgei. Natumai barua hii imekukuta jikoni, kwenye kile kiti chako kifupi, na Chebet ameketi karibu na dirisha akikusomea. Chebet dada yangu, soma polepole na usiruke mahali, hata pale nitakapokutaja. Mguu unaendeleaje, Mama? Majani ya chai yanachumika, au baridi imeyaunguza tena? Na yule ng'ombe mwenye madharau, ameshazaa? Mimi huku Dar es Salaam ni mzima kabisa. Joto ni la kuchemsha chai bila moto, lakini ninakula vizuri, shingo imenenepa, na kazi inaenda mbele kuliko nilivyotarajia nilipotoka Kapsoit.

Najua unajiuliza kwa nini naandika na simu iko. Nitafika hapo.

Kazi yenyewe acha nikueleze tena, maana naona hapo nyumbani haikueleweka. Ile tamthilia mnayotazama kila jioni ilitengenezwa na watu wa mbali, kwa lugha yao. Yule daktari mwenye ndevu za kijivu, yule asiyecheka, hajui hata neno moja la Kiswahili. Mimi nasimama kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, nimevaa hedifoni, natazama midomo yake kwenye kioo. Ikifunguka, nami nafungua yangu. Maneno naandikiwa. Bi Rehema, anayetusimamia, alinichagua kwa ajili ya hii sauti nzito niliyorithi kwa Baba. Aliniambia, "Kiswahili chako kina milima, lakini mgonjwa akisikia sauti hii anatulia." Milima tumeipunguza. Sasa nataja magonjwa yenye majina marefu kama treni na sijikwai. Lakini Mama, mimi ni yule yule aliyepata D ya Biolojia, na matokeo uliyaona kwa macho yako.

Msimu huu mzima ni wa magonjwa yaliyowashinda madaktari wengine. Mgonjwa analetwa, wanakisia hili, wanakosea, wanakisia lile, anazidiwa, halafu karibu na mwisho daktari wangu anakumbuka jambo dogo, labda mgonjwa anafuga njiwa, na ugonjwa unajulikana. Kazi hiyo naipenda, siwezi kudanganya. Siku nyingine nikitoka pale natembea kama mtu aliyeokoa mtu.

Ikaja ile sehemu ya mama mwenye kizunguzungu. Unaikumbuka kuliko mimi. Wakapima damu, wakapima kichwa, wakapima moyo, wapi. Mwishowe ikajulikana kwamba dawa alizopewa na madaktari watatu tofauti zilikuwa zinapigana mwilini mwake. Daktari akamwinamia, akasema, "Acha hizo dawa, mama. Zote. Kuanzia leo." Maneno hayo niliyasema mara moja tu bila kurudia, na Bi Rehema akanipigia makofi. Nilifurahi sana siku hiyo, nikajinunulia samaki.

Sikujua kwamba Kapsoit kuna mtu ametii.

Chebet amenieleza yote. Kwamba ulizima TV, ukaenda chumbani, ukachukua dawa zako za presha ukazitumbukiza chooni. Kwamba ulimwambia jirani yetu Mama Cherono, "Hata mimi huwa nasikia kizunguzungu, na kijana wangu amejua akiwa mbali hivyo." Kwamba ulianguka kituoni mkingoja kupimiwa majani, kikapu kikiwa mgongoni, ukabebwa hadi zahanati. Muuguzi akakuuliza ni nani alikuruhusu kuacha dawa. Ukasema, "Mwanangu." Akauliza, "Kwani ni daktari?" Ukamjibu, "Kwani wewe huna TV?" Watu walicheka pale, Chebet alicheka akinisimulia, hata mimi nikaanza kucheka, halafu nikajikuta nimekaa sakafuni. Niliogopa, Mama. Baba alitutoka kwa presha hiyo hiyo, na yeye pia alikuwa akisema anajisikia mzima.

Nikapiga simu. Unakumbuka ulivyonijibu? Nilisema, "Mama, rudia dawa zako," ukasema, "Uliniambia niache mbele ya watu wote, sasa unaniambia nirudie kisirisiri?" Nikasema yule ni mtu mwingine. Ukasema, "Nilikuzaa mimi. Sauti yako naijua." Nikapiga tena, ikawa hivyo hivyo. Kila nikifungua mdomo unamsikia daktari, na daktari alishasema. Ndiyo sababu ya barua. Karatasi haina sauti nzito. Leo utanisikia kwa mdomo wa Chebet, ambaye hakuna siku umemdhania daktari.

Sasa nisikilize. Yule mama wa TV alipimwa kwanza, ndipo akaambiwa aache. Wewe daktari yule hakukupima. Anatazama mbele kama anayekuona, lakini hakuoni. Kama dawa inakuletea kizunguzungu, mwambie muuguzi wa zahanati. Yeye mkono wako ameushika, atajua la kubadilisha. Amekupa pakiti mpya, na Chebet anasema hujaifungua, umeificha nyuma ya kibuyu cha maziwa ya mursik. Nilitaka kuandika ile methali ya sikio la kufa, nikakumbuka naandikia mama yangu, nikaacha.

Kuna jambo nimefanya. Juzi tumerekodi sehemu ya mwisho ya msimu. Kuna bibi mmoja amepona, anaondoka hospitalini, na daktari anamuaga. Nilimwomba Bi Rehema, nikamweleza habari zako zote. Alicheka, kisha akasema mama yake yuko Tanga na yeye pia haambiliki. Tukaitazama ile midomo tena na tena mpaka maneno yakaingia. Utamsikia daktari akisema, "Meza dawa zako, Mama." Hayo hayamo kwenye maneno niliyoandikiwa. Ni yangu. Nimekuambia mbele ya watu wote, kama ulivyotaka.

Lakini sehemu hiyo haitaonyeshwa karibuni, na presha haifuati ratiba ya TV. Usiingoje.

Nisalimie shangazi yangu wa Soin, na mjomba, mwambie viatu vyake nitaleta Krismasi. Msalimie ndugu yangu mdogo akirudi kutoka chuoni Kabianga, asome kwa bidii, pengine huyo atakuwa daktari wa kweli. Msalimie mzee wa kanisa aliyeniombea safari. Na Mama Cherono umwambie hiyo nyonga anayoniulizia siijui hata kidogo, aende akapimwe.

Chebet, ukifika hapa usikunje karatasi kwanza. Inuka, utoe ile pakiti nyuma ya kibuyu, umletee Mama maji kwa kikombe. Mama, Chebet amesimama mbele yako. Pokea.

Ni mimi, si daktari,
Kiplangat wako.