Nani Amefukuza Ng'ombe?

Jumapili, Magwagwa

Na bado sijui kama nilipaswa kucheka.

Juzi nilimleta Baba nyumbani kutoka Nairobi kwa ile ndege ya bei rahisi. Tulifika Kisumu kabla hajamaliza kuuliza mkanda unafunguliwaje. Magurudumu yalipogusa chini, akauliza kwa sauti, "Nani amefukuza ng'ombe?" Abiria wakacheka. Nikacheka nao, na hilo linanikera hadi sasa, kwa sababu najua kazi yake ya ujana: kufukuza ng'ombe uwanjani ili ndege ya wazungu wa majani chai ishuke.

Leo akataka twende tuuone uwanja wake. Ndege haijatua huko tangu nizaliwe. Ni nyasi tu, na nguzo moja ya kuonyesha upepo iliyoota kutu. Nilidhani atakaa tu anisimulie. Akaokota fimbo, akaanza kufukuza ng'ombe wa watu.

Mama mwenye ng'ombe akamwuliza kwa upole, "Mzee, kwani kuna ndege?"

"Iko. Binti yangu Kwamboka anakuja nayo kutoka Nairobi."

Kwamboka ni mimi. Nilikuwa nimesimama hapo kando, nimembebea koti.

Alikuwa anatania? Baba hutania bila kutabasamu. Au ni akili imeanza kumtoka, na mimi ndiye nitakayemwambia Mama...

Yule mama aliniangalia, akingoja niseme kitu. Nikaokota fimbo na mimi, tukawafukuza ng'ombe mpaka uwanja ukabaki wazi.

Baba akatazama juu. Na mimi, Mungu wangu, nikatazama juu.