Nashindwa Kuachana na Ski Zangu, na Baba Amenifungia Mlima

Bi Kreszenz mpendwa,

Nakuandikia wewe unayejibu barua za watu wenye shida kwa sababu wengine wote nimeshawachosha. Nyumbani wakinisikia nikitamka neno "ski" wanainuka kuondoa vyombo mezani hata kama hawajamaliza kula, na rafiki yangu wa chuo kule Innsbruck, ambaye theluji anayoijua ni ile ya kituo cha basi, amenishauri nimwone daktari, kwa hiyo naomba unisaidie, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho.

Ninasoma falsafa, mwaka wa mwisho, na kila Ijumaa narudi huku bondeni kwa ajili ya mlima. Ski zangu nilizipata nikiwa bado shuleni, kwenye lile soko la vitu kuukuu ambalo klabu yetu hufanya kila vuli ukumbini, na tangu hapo sijawahi kuteleza thelujini juu ya mbao nyingine. Zilikuwa nyekundu, si nyekundu ya kupiga kelele bali ile ya divai ikibaki kidogo chini ya glasi, na sasa zimefifia kwenye ncha mpaka zimekuwa na rangi ya midomo ya mtu aliyekaa nje sana kwenye baridi, na upande wa kushoto kuna mkwaruzo mrefu ambao mimi nikiutazama najua ni jiwe gani, mlima gani, na nilikuwa nikimkasirikia nani siku ile. Naziita Wazee. Nawapaka nta mwenyewe kila Ijumaa jioni katika chumba cha chini, na sikufichi, huwa nawasimulia wiki yangu ilivyokwenda.

Sasa Wazee wamekwisha. Hilo silisemi mimi, wanalisema watu. Dukani kwa Marlies, anayetuuzia ski, fundi alipitisha kidole kwenye kingo za chuma akasema, "Dada, hapa hakuna tena cha kunoa. Nikiendelea nitakuwa nanoa hewa." Vile vibano vinavyoshika kiatu akavipima kwenye mashine, mashine ikavikataa, naye akasema hawezi kubishana na mashine. (Ni kweli mwezi uliopita kibano kimoja kilifunguka chenyewe kule juu kwenye korongo, nikateleza kidogo, baba akanizuia kwa mwili wake akaumia mbavu kidogo, lakini theluji ilikuwa ngumu mno siku hiyo na mtu yeyote angeteleza.)

Tatizo ni Josefi, sikukuu ya Mtakatifu Josef. Unajua jinsi siku hiyo ilivyo katika bonde hili, na kwetu imezidi, maana baba ni Josef, babu alikuwa Josef, na amini usiamini hata baba mdogo ni Josef, kwa hiyo kila mwaka ukoo mzima tunapanda kwa lifti mpaka mwisho, tunabeba ski begani mpaka kwenye ufa wa mlima, kisha tunashuka lile korongo mmoja baada ya mwingine mpaka bonde la pili, ambako shangazi Filomena anatungoja na supu ya madonge ya mkate. Sijawahi kukosa. Mwaka huu baba ameweka kijiko chini, akasema mbele ya wote:

"Mimi ndiye Josef, siku ni yangu. Ukija na zile takataka utapanda gari na shangazi yako, mkakoroge supu."

"Baba, tukubaliane kwanza takataka ni nini."

"Ni zile. Pale chini. Nyekundu."

Basi nikaenda kutafuta mpya, nakuapia nilikwenda kwa moyo safi. Nilitaka zile za mlima mzima, zinazoweza kwenda kwenye njia iliyosawazishwa na nje yake pia, kama Wazee. Kassian, ambaye ni mchumba wangu au alikuwa mpaka Jumapili, akasema, "Chukua pana, mpenzi. Pana zinaelea." Baba akasema, "Nyembamba na ngumu. Zinauma barafu." Marlies yeye aliuliza tu:

"Unateleza wapi zaidi?"

Nikamwambia inategemea mtu anaelewa nini kwa neno "zaidi", kwa sababu kuna zaidi ya saa na kuna zaidi ya furaha, na hivyo viwili havilingani. Marlies alinitazama, kisha akaenda kumhudumia mteja mwingine. Aliporudi alinipa jozi tatu za kujaribu, pana, nyembamba na za katikati, nadhani ili nitoke dukani.

Pana nilizijaribu siku mvua ilipogeuka barafu, meno yakagongana mdomoni kama sahani kabatini. Nyembamba nilizijaribu kwenye ukungu, sikuona hata ncha zake. Za katikati nilizijaribu Jumamosi ya likizo za wageni, nikashuka katikati ya kundi la watoto wa shule ya ski kama mtu anayevuka zizi la kondoo. Nikazirudisha zote. Usiku ule theluji ikaanguka hadi magotini, na asubuhi nikatoka na Wazee, jua limewaka, mteremko mzima haujaguswa, na Bi Kreszenz, nililia ndani ya miwani. Nikajiambia, zimeshindanishwa na zimeshinda, tena kwa haki.

Lakini Josefi inakaribia na neno la baba ni neno. Hapo ndipo nikafanya jambo la kijinga. Jumapili tulikuwa kibandani kwa Vinzenz, anayeuza supu mlimani. Hakuna mtu wa bonde hili anayeacha ski zake mbili pamoja nje ya kibanda, hilo tunafundishwa kabla ya kufunga viatu: moja unaisimamisha mlangoni na moja ya mwenzako, na zile nyingine mbili mnaziweka nyuma ya kuni, ili mwizi asipate jozi. Siku hiyo nikamwambia Kassian, "Leo za kwangu naweka mwenyewe," nikaziegemeza zote mbili pamoja, peupe kabisa, kwenye uzio. Nilifikiri, zikiibiwa basi si mimi niliyewaacha Wazee, ni dunia iliyowachukua. Nikaingia, nikala supu bila kujua ina ladha gani, nikisikiliza nyayo za mwizi.

Nikasikia drili.

Uzio wa Vinzenz wote ni ski kuukuu, nao watu huzileta kwa njia moja tu: wanaziegemeza pale na kwenda zao. Ninalijua hilo tangu utoto. Nilitoka nje viatu vikiwa wazi, nikamkuta amemlaza Mzee wa kushoto juu ya gogo, chuma cha drili kiko juu yake.

"Vinzenz, acha!"

"Kuna nini, binti? Si umeniletea?"

"Nimeziegemeza tu!"

"Zote mbili? Pamoja? Na hali yake hii?" Akazitazama, akanitazama. "Mimi nikasema, angalau huyu ana adabu, hakuzitupa jalalani."

Nikalala juu ya gogo, Bi Kreszenz. Nikazikumbatia. Kibanda chote kikatoka na glasi mikononi, na mmoja akapiga makofi. Kassian alikuja na kijiko chake, akasimama, akauliza kwa sauti ya upole:

"Romana, ungekuwa ni mguu wangu chini ya hiyo drili, ungekimbia hivyo?"

Na mimi nikafikiri kwanza kabla ya kujibu. Nilitaka tu kuwa sahihi. Alishuka peke yake.

Najua ni mbao na chuma. Lakini kichwa changu, Bi Kreszenz, hakinyamazi, si darasani, si kitandani, si kanisani, kinanyamaza tu nikiwa juu ya Wazee, mgeuko wa pili au wa tatu hivi, ghafla kimya, hakuna mimi, kuna theluji tu. Juu ya zile mpya nilisikia kila wazo langu. Naogopa kwamba kile kimya kilikuwa cha kwao, si cha kwangu, na nikiwaacha kitabaki kwao. Nichague zipi, na mtu kama mimi anachaguaje?

Romana wa juu bondeni

---

Romana,

Nilicheka kabla ya kufika mwisho. Ilikuwa pale kwenye gogo, na mume wangu alikuja kutazama kama nimepaliwa. Hilo limekwisha, sasa unisikilize.

Nimeisoma barua yako mara ya pili bila kucheka. Rangi ya ski zako umenieleza vizuri hata ningeweza kuipaka ukutani. Kuteleza kwako korongoni, na baba yako kujiweka chini yako ili usiendelee, umekuweka ndani ya mabano, ukakupa "kidogo" mbili na kulaumu theluji. Mimi nimelishuka korongo hilo. Chini ya pale penye kona hakuna kitu cha kumzuia mtu isipokuwa mawe. Baba yako hakukufungia mlima kwa sababu anachukia rangi nyekundu. Analala akiona kile kibano kikifunguka, na kwa kuwa ni mwanamume wa bonde hili hawezi kusema "niliogopa," kwa hiyo anasema "takataka." Na wewe, msomi mzima, ukamwomba maana ya takataka.

Pili, mashindano yako hayakuwa ya haki hata chembe. Pana umezipeleka kwenye barafu. Nyembamba umezipeleka mahali pasipoonekana. Za katikati umezitumbukiza kwenye watoto. Kisha Wazee umewapa theluji mbichi na jua! Siku kama ile ningeshuka juu ya meza yangu ya jikoni na ningelia ndani ya miwani vilevile. Kila mtu huku amewahi kufanya kosa hilo, akanunua au akaacha kununua kwa sababu ya hali ya hewa, ila wengine hawaiiti haki.

Tatu, hicho kimya. Hapa sikucheki, mwanangu, maana nakijua. Lakini hebu kumbuka siku yako ya kwanza juu ya Wazee, ukitoka na ski za kitoto. Kulikuwa na kimya siku hiyo? Kulikuwa na makalio yenye maji na mawazo mengi. Kimya kilikuja baadaye, miguu ilipoacha kuuliza maswali. Miguu hiyo bado ni ya kwako, na itaacha tena kuuliza, ukiipa muda. Usiidai kimya siku ya kwanza, wala usiihoji kila mgeuko kama profesa anayemtahini mwanafunzi.

Sasa fanya hivi. Rudi kwa Marlies, na umwombe radhi kwa ile "zaidi." Akikuuliza tena unateleza wapi, mjibu kama mtu: Jumamosi nyingi niko kwenye njia ngumu, theluji ikianguka natoka nje ya njia, na mara moja moja nashuka korongo na ndugu zangu. Mtu anayejibu hivyo anapewa za katikati. Pana ni za ndoto ya Kassian, nyembamba ni za ujana wa baba yako, na hakuna hata mmoja wao atakayesimama juu ya ski zako. Urefu, zikufike puani, usiongeze kwa sababu ya kiburi. Uzito wako mwambie fundi ule wa kweli, si ule wa majira ya joto, kwa sababu kibano kinafungwa kwa uzito huo, na kibano kilichodanganywa kitakudanganya nawe.

Zijaribu siku moja, siku nzima, jozi hiyo hiyo. Majira haya mlima unakupa kila kitu kabla ya jua kutua: asubuhi barafu, saa sita theluji ya siagi, alasiri uji. Anguka mara moja peke yako mahali pasipo na watu, utukane ukipenda, kisha endelea. Zikikubeba katika yote matatu, lipa, na usirudi nyumbani kuzifikiria.

Wazee wapeleke kwa Vinzenz wewe mwenyewe, mchana, na umpe mkononi ili asiwe na shaka. Chagua nguzo yenye jua. Usiwatundike juu ya kitanda, kwani utawapaka nta mpaka uolewe, kama utaolewa.

Na tukiwa hapo, Kassian. Jibu ni "Ndiyo, ningekimbia." Maneno mawili. Ukiona yanakuja mengine ya kufafanua, tia donge mdomoni.

Kwa baba yako usipeleke hoja. Peleka ski mpya chumba cha chini, mwombe akufundishe kuzipaka nta ingawa unajua, na wakati anapitisha pasi ya moto juu ya nta umuulize mbavu zake zinaendeleaje, kisha unyamaze mpaka ajibu. Atachukua muda. Ngoja.

Siku ya Josefi, korongoni, mwache atangulie. Akipita ile kona atageuka kutazama juu, hata kama ameapa hatageuka. Hakikisha anakukuta umesimama.