Kiti cha Namba Nne

Wyandotte, Michigan
14 Septemba 1997

Baba mpendwa,

Leo ni Jumapili, na kabla sijaandika lolote naahidi kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Bibi anasema nisikusumbue nayo. Siku uliyopanda meli uliniambia mimi ndiye macho yako hapa nyumbani. Basi nitaandika ninachokiona.

Hujambo huko majini? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima. Goti la Bibi limevimba tena, lakini bado anakaa kwenye redio tangu asubuhi akiwatuma madereva huku na huku na kuwagombeza. Mjomba Kaz hajambo, anakusalimu, na ameacha sigara kwa mara nyingine.

Shuleni tuliambiwa tuandike insha juu ya kitu cha nyumbani. Niliandika juu ya Namba Nne. Nakunakilia sehemu yake, uone kama nimekosea:

"Mjomba wangu ana teksi kumi na moja, zote za aina moja: sedani kubwa za Kimarekani, injini ya silinda nane, zilizonunuliwa kwa polisi baada ya wao kuzichoka. Kwa kuwa zote ni ndugu, mlango wa Namba Sita unaingia Namba Tisa, na ufunguo mmoja unawasha yoyote. Hazifi kwa sababu hazipoi. Madereva wawili hushirikiana gari moja, wa mchana na wa usiku, na hukabidhiana injini ikinguruma. Namba Nne ilikuwa ya wazazi wangu. Mama aliendesha mchana, Baba usiku. Kila jioni Mama alishuka, akakisogeza kiti nyuma kwa ajili ya Baba mwenye miguu mirefu, akaondoka bila kuzima gari. Kila asubuhi Baba alikisogeza mbele kwa ajili ya Mama. Siku moja ya Februari Mama aliugua akiwa kazini. Aliegesha vizuri mbele ya duka la dawa, akawasha taa za tahadhari, akamwita Bibi kwenye redio. Siku ile hakukisogeza kiti."

Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nzuri sana, lakini hujasema unajisikiaje." Sikupata la kuongeza, kwa hiyo nikairudisha vilevile.

Namba Nne imelala mwisho wa gereji, imefunikwa turubai, kama ulivyoagiza. Kila Jumapili baada ya misa naiwasha dakika tano, kisha naizima. Kiti sijakigusa. Mjomba hunitazama akitikisa kichwa. Leo amesema, "Hiyo gari si jeneza, Renata." Bibi akamjibu, "Kazimierz, funga mdomo au rudi kwenye sigara zako."

Meli ikifunga msimu Januari, utarudi nyumbani?

Binti yako,
Renata


Ziwa Superior
2 Oktoba 1997

Renata mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Barua yako ilipandishwa kwa ndoo na kamba tulipopita Detroit. Mashua ya posta hutufuata ubavuni, meli haisimami.

Insha yako haina kosa.

Tunapakia madini ya chuma kule juu na kuyashusha Toledo, kisha tunarudi. Chakula ni kizuri. Nakwangua kutu na kupaka rangi, na nikimaliza upande mmoja naanza mwingine.

Januari meli italala Toledo. Nahodha anatafuta mtu wa kubaki ndani kuilinda hadi Machi. Mtu hukaa peke yake, anaangalia mabomba yasigande. Ameniuliza mimi. Sijamjibu.

Endelea na zile dakika tano. Usikiguse kiti, na mtu mwingine asikiguse.

Msalimie Bibi.

Baba yako


Wyandotte
19 Oktoba 1997

Baba mpendwa,

Nimepokea barua yako, nikafurahi kwamba kikohozi kimeisha. Sisi hatujambo. Bibi amepewa bendeji ya kufunga gotini, anasema inafaa zaidi kufungia soseji.

Toledo ni mwendo wa saa moja tu kwa gari. Nimeitazama kwenye ramani. Nilidhani ukibaki melini utakuwa mbali sana.

Niliahidi kusema kila kitu. Namba Nne si nzima. Mwanzoni ilikuwa inakohoa ikiwaka, nikadhani ni baridi. Jumapili iliyopita Mjomba alifungua boneti bila kuniomba ruhusa. Alipofungua kifuniko cha oili, chini yake kulikuwa na ute mweupe kama maziwa yaliyoganda. Panya wamejenga kwenye boksi la chujio la hewa. Breki zimeota kutu, na tairi zimelala upande mmoja.

Mjomba akasema, "Dakika tano! Injini haijapata hata joto la kukausha jasho lake, unaizima. Maji yanabaki ndani. Namba Saba imetembea maili laki nne, inakunywa oili kama mlevi, lakini inakwenda. Hii ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote. Baba yako Stan anajua haya. Amekabidhi gari ikinguruma miaka yote ile, leo anakuagiza uiwashe kama redio?"

Bibi akamwambia, "Dada yako ndiye aliyeketi pale."

Mjomba akasema, "Najua nani aliketi pale. Mimi ndiye niliyeirudisha hapa, magoti yamebana usukani mpaka yakachubuka, ili nisikisogeze."

Mimi nilifunga boneti na kurudisha turubai.

Nimetimiza miaka kumi na mitano. Bibi alipika pierogi za viazi na kuweka mshumaa juu ya moja. Mjomba ananifundisha kuendesha kwa Namba Sita. Anasema sedani hizi ni kama kuendesha sebule: geuza usukani, kisha subiri habari zifike kwenye buti.

Je, niendelee na dakika tano, au Mjomba aipeleke barabarani?

Binti yako,
Renata


Wyandotte
9 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Sijapata jibu, lakini redio inasema kuna dhoruba ziwani, labda mashua ya posta haikuweza kuwakaribia. Sisi wazima.

Sitazunguka. Kiti kimesogezwa.

Mjomba amemwajiri dereva mpya wa usiku, Orville Tackett, mtu mkubwa kutoka Kentucky. Alhamisi usiku alimgonga paa kwa Namba Tisa, rejeta ikapasuka. Aliivuta hadi gereji, na alikuwa na abiria wa uwanja wa ndege anayesubiri. Magari mengine yote yalikuwa kazini. Aliona turubai, akalitoa, akachomeka ufunguo wa Namba Tisa. Ukawasha, maana kwetu ufunguo ni mmoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Sisi sote tulijua, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba mtu anaweza asijue.

Alikisogeza kiti hadi mwisho, akafanya kazi hadi asubuhi.

Nilikuwa uani aliporudi. Alishuka akasema, "Binti, hii gari mlikuwa mnaificha? Mwanzo ilikohoa moshi mweupe nikadhani inakufa, breki zikapiga kelele kama nguruwe. Baada ya safari ya pili ikatulia kabisa. Sasa inapanda kama mvuke!"

Bibi akatoka na fimbo yake. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Nani kakwambia uguse? Nani?" Bwana Tackett akavua kofia. Mjomba alipomweleza, Bwana Tackett alikaa chini kwenye ndoo ya oili akasema, "Mungu wangu, mama. Mungu wangu." Akarudia mara nyingi, hadi Bibi mwenyewe akamletea kahawa.

Mimi nilikwenda nikatazama. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, na pale mbele palibaki nafasi tupu. Nilisubiri nilie. Nilisubiri hadi kengele ya shule ikapita. Kisha nikachukua mkoba wangu nikaenda, nikachelewa, nikaambiwa nibaki baada ya masomo.

Tafadhali andika. Hata kama ni kunigombeza.

Binti yako,
Renata


Wyandotte
23 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Salamu. Sisi hatujambo.

Jana Mjomba alipigiwa simu na rafiki yake wa mashua ya posta kwamba meli yenu inateremka. Nilikwenda kwenye bustani ya mtoni. Mliipita Wyandotte saa ya chakula cha mchana. Nilivaa lile koti jekundu la Mama, ili ulione. Niliona watu wawili mbele na mmoja nyuma. Sikujua kama ni wewe. Nilipunga mkono kwa wote.

Hakuna swali leo.

Renata


Toledo
4 Desemba 1997

Renata mwanangu,

Salamu kwako, kwa Bibi na kwa Mjomba. Mimi mzima.

Yule wa nyuma alikuwa mimi. Niliona koti. Mkono wangu ulikuwa na brashi ya rangi. Nilidhani ninaupunga, nilipotazama chini nikaona sijaupunga.

Barua zako zote ninazo. Ile ya kiti niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikasubiri nikasirike. Nilikwenda kula. Nilisubiri tena usiku wote wa zamu. Hakuna kilichokuja. Niliona haya kukuandikia hilo, ndiyo maana nilikaa kimya. Halafu nikasoma kwamba nawe ulisubiri.

Mjomba wako yuko sahihi juu ya dakika tano. Nilijua. Nilipokuagiza nilijua pia. Sikuweza kuifikiria ikienda, na sikuweza kuifikiria ikifa.

Sasa sikiliza vizuri. Mwageni oili yote, badilisheni na chujio. Msiiendeshe mbali ikiwa bado na oili ile yenye ute. Ondoeni kiota cha panya chote, zitazameni na waya za plagi, panya hupenda kuzitafuna. Tairi zikitetemeka baada ya safari ya kwanza zibadilisheni. Kisha muipeleke barabara kuu, mbali, hadi hita ichome miguu, na mkifika msiizime haraka. Mwambie Bwana Tackett simdai chochote.

Nahodha anataka jibu kabla ya Krismasi.

Kiti kiko wapi sasa?

Baba yako


Wyandotte
12 Desemba 1997

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mikono haijapasuka kwa baridi. Sisi wazima. Bibi ameanza kuoka biskuti za Krismasi na hatuzigusi. Mjomba amerudia sigara, anasema kwa muda.

Tumefanya yote uliyoagiza. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa. Panya walikuwa wamekula waya mbili za plagi, Mjomba akazitoa nyingine kwenye Namba Tisa inayosubiri rejeta. Bwana Tackett alikuja siku yake ya mapumziko, akasafisha breki mwenyewe. Nilimpa ujumbe wako. Aliendelea kusugua.

Umeuliza kiti kiko wapi. Kwa mwezi mzima kilibaki nyuma, maana hakuna aliyetaka kukigusa tena. Jumapili Mjomba alinipa ufunguo, akasema, "Haya, dereva." Niliketi, miguu haikufika. Nikavuta kile chuma cha chini, nikasogea mbele jino baada ya jino hadi mguu ukaikanyaga breki vizuri bila kunyooka sana wala kukunjika. Mjomba alikuwa ananitazama kutoka kiti cha abiria. Akageuka akatazama dirishani. Kisha akasema, "Ni palepale." Nikamuuliza ana hakika gani. Akasema, "Magoti yangu yanapakumbuka."

Miguu yangu imekuwa na urefu wa Mama, Baba. Sikujua.

Tulikwenda kusini kwa barabara kuu hadi karibu na mpaka wa Ohio. Hita ilichoma miguu. Haikukohoa hata mara moja. Mjomba alijifanya amelala ili asionekane anaogopa. Tuliporudi sikuizima. Niliketi uani ikinguruma, Bibi akagonga dirisha akasema, "Utamaliza petroli yote, mtoto, ingia ndani," lakini yeye mwenyewe alisimama pale, mkono juu ya boneti, akiupasha moto.

Sijalia bado. Nakwambia kwa sababu niliahidi. Lakini nilisikia njaa, nikala sahani mbili.

Mjomba anasema siku meli itakapofunga kamba Toledo, tutakuja na Namba Nne, na kama barabara haina barafu nitaendesha mimi. Tutakuja hata kama umemkubalia nahodha, tukuletee biskuti na blanketi. Sitakulaumu. Ila nahitaji kujua jambo moja kabla sijafika getini, ili nijue la kufanya, na tafadhali nijibu kwa mashua ya kwanza:

Nikishakuona, nibaki kwenye usukani, au nishuke, nikisogeze kiti nyuma, nikuachie ikinguruma?

Binti yako,
Renata