Kaka, Usitume Tena Unga wa Ngano

Kijiji cha Ujamaa Sindeni,
Kwa mkono wa Mwalimu Bonaventura,
Handeni.
16 Julai 1972

Mpendwa Kaka Mdoe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tabora, na joto la karakana ya reli lisiwe limekumaliza mwili wote. Mimi ni mzima sana, nimezidi kurefuka, na kwenye shamba la kijiji hakuna kijana anayenipita kwa jembe, hata hao wanaojisifu wanajua. Mama ni mzima ila magoti. Shemeji Mwaija ni mzima ila hasira. Asiye mzima ni mwanao Fatu, na ndiyo sababu nimeazima kalamu.

Usishtuke, yu hai. Lakini ana miaka mitatu na gauni la mwaka juzi bado linampwaya. Tumbo limejaa, miguu imekwisha, na kuhara hakuishi.

Mama alisema ni mchango wa tumbo, akamchemshia mizizi mpaka nyumba nzima ikanuka. Wapi. Mwezi wa nne nikasema basi, nikawapandisha gari shemeji na mtoto, tukaenda hospitali Korogwe. Daktari akauliza mtoto anakula nini. Shemeji akajibu kwa maringo kwamba baba yake yuko reli, kwa hiyo anakula chapati, maandazi na biskuti. Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kuwa wako watu wachache ambao utumbo wao haupatani na ngano. Ikiingia inauharibu, na chakula kingine chote kinapita bure. Akataka Fatu aache ngano kabisa, asionje hata kipande, tuone. Shemeji alibaki kunitazama. Mimi nilielewa mara moja, si unajua nilifika darasa la sita, kasoro mtihani.

Wiki tano alikula bada, ule ugali wetu wa muhogo, na ndizi, na wali tukiupata, na maziwa ya Nanyori, yule mama wa Kimasai anayepita asubuhi. Kaka, kuhara kulikoma. Kwenye mizani ya zahanati akaongezeka kilo moja na nusu. Akaanza hata kunitukana.

Sasa sikia upuuzi. Jirani yetu Binti Rehani, ambaye mdomo wake haujui likizo, akatangaza kisimani kwamba Mdoe amemtupa mkewe, maana mtoto wa mtu wa reli analishwa muhogo kama mwaka wa njaa. Wiki hiyo hiyo kifurushi chako kikafika stesheni ya Korogwe: kilo tano za unga wa ngano na makopo mawili ya biskuti. Mimi ndiye niliyekibeba mpaka nyumbani, mjinga mimi. Shemeji akawasha moto uwanjani, watu waone, akamkalisha Fatu kando ya njia na chapati mikono yote miwili. Kesho yake kuhara kukarudi.

Tangu hapo tumegombana mpaka sauti imenikauka. Nikificha unga, anauona. Nikimnyang'anya mtoto andazi, Mama ananiita mchoyo. Juzi nikamwambia shemeji wazi kwamba atatuulia mtoto. Hakupandisha sauti. Alisema, "Shemeji, wewe unaona tumbo tu. Mimi nikienda kisimani naona macho ya watu. Baba yake akisema ale bada, atakula bada. Lakini sitaki nije kuambiwa nilimnyima mtoto chakula alichotumiwa na baba yake."

Nikaenda kuazima kalamu, mimi Mhina niliyezoea kumaliza ugomvi kwa mdomo.

Kwa hiyo neno limebaki kwako. Sikulaumu sana, najua ulituma kwa mapenzi, lakini usitume tena. Tuma mchele, tuma sukari, tuma shati langu ulilonidanganya Idi iliyopita. Na umwandikie shemeji kwa mkono wako mwenyewe, useme hivi: mimi Mdoe nimeagiza mwanangu Fatu asile ngano, ale bada, na atakayempa andazi amenikosea mimi. Ukiweza, igonge muhuri wa reli. Watu wa hapa wanaogopa muhuri kuliko daktari. Nitaisoma kisimani asubuhi wote wakiwapo, mara mbili, na Binti Rehani nitamsomea ya tatu peke yake.

Mama anakuombea kila sala. Shemeji anakusalimu, ila hajui nilichoandika. Nisalimie Ernesti mwenye chumba, mwambie bado namzidi mbio. Mungu akulinde na vyuma vya huko, akurudishe na vidole vyote kumi.

Lakini usingoje mshahara ndipo uandike, kaka. Jana kuku walimdonolea Fatu andazi mkononi. Aliwaangalia tu mpaka wakalimaliza.

Mdogo wako akupendaye, hata ukimchelewesha,
Mhina