Usiliendeshe Gari Letu Jumamosi

Karakana ya Echodu,
Malaba.
Jumatano asubuhi.

Baba yangu mpendwa, mzee Oduori,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mpakani. Natumaini Amongin aliyekuletea barua hii amekukuta umekaa, na kama umesimama, tafadhali tafuta kiti kwanza. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma wiki iliyopita unaitumia, au umeiweka juu ya kabati pamoja na zile nyingine ukingoja ugonjwa mkubwa zaidi? Mvua imeanza Funyula? Mihogo ya nyuma ya nyumba imeshika? Nimesikia mtoto wa mkweo Sharlyne sasa anakimbia na anafukuza kuku wa watu. Mbusu kwa niaba yangu. Mimi mwili ni mzima, ila roho haina afya. Tangu wiki iliyopita naianza barua hii na kuichana.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Baba, masikio yako yamechoka, na kila neno ninalosema kwenye simu lazima lipitie kwa Sharlyne, naye anakupigia kelele sikioni mpaka majirani wanaanza kujibu. Haya ya leo hayawezi kupita kinywani mwake. Ndiyo maana nimemwomba Amongin, yule mama anayetushonea viti, aache kazi yake siku nzima aje akutie barua hii mkononi wewe mwenyewe. Pia amebeba kitu kidogo kizito kilichofungwa kwa gazeti. Usikifungue mpaka usome.

Naanza na ombi. Jumamosi usiliendeshe lile gari. Hata Echodu akikufuata nyumbani, hata yule bwana Allan wa Eldoret, mnunuzi wetu, akija na watu wake wa kamera, usiliguse. Usikae hata kwenye kiti chake. Sababu nitakupa, lakini niache nifike polepole, kwa sababu naogopa, Baba. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe.

Unajua gari hili lilizaliwa na mdomo wako. Tulipokuwa kwenye matanga ya ndugu yangu Dancan, Echodu alikuja kama tajiri wangu kutupa pole, akakaa karibu na wewe. Watu walikuwa wanamlia Dancan, na wewe siku mbili nzima ukazungumza juu ya kile kigari cha mviringo ulichowaendeshea masista wa Nangina ukiwa kijana. Ukamweleza taa zake zilivyokuwa kama macho ya mtu aliyeshtuka, mlango wake ulivyofungukia mbele, na masista watatu walivyojipanga ndani na debe la maziwa. Mimi nilijua unasema gari ili usimseme Dancan. Echodu hakujua. Yeye alirudi Malaba na homa ya gari. Kesho yake nilimkuta amechora ukuta mzima wa karakana kwa chaki, akaniambia tutajenga kagari kama kale, kadogo, ka mafuta kidogo, sura ya zamani na injini ya siku hizi, na watu wa Busia mpaka Kitale watakapenda.

Nilidhani ni maneno ya huzuni, yataisha. Hayakuisha. Omuse, yule seremala wa majeneza, alitutengenezea umbo la mbao la kugongea mabati, na kwa sababu lilikaa nje ya duka lake, watu walipita wakiuliza ni nani huyo aliyekufa akiwa mnene namna hiyo. Taa tulitumia za bodaboda, maana siku hizi taa za duara huzipati kwingine. Bampa ni bomba la maji tulilolisugua mpaka ukajiona meno. Bodi ya kwanza tulitumia bati zito, na tulipoiweka juu ya magurudumu gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Miezi mitatu ya jasho tukaitupa, tukaanza upya na bati jepesi. Kila kona ya bodi hiyo nimeichomelea mimi. Echodu alilipa jina Kobe, na madereva wa malori wanaongoja kwenye foleni ya mpaka wakawa wanashuka kulipiga picha. Dereva mmoja Mganda alilishika taa zote mbili kama mashavu ya mtoto, akasema bambi, neno lao la huruma, kagari kazuri, akauliza kama tunauza hata nusu.

Nilikuwa na furaha, Baba. Nataka ulijue hilo. Baada ya kifo cha Dancan sikujua kama nitafurahi tena juu ya chuma.

Halafu mwezi wa tatu Echodu akaona chasisi tuliyokuwa nayo ni fupi, magurudumu yalikuwa yamejificha ndani. Akaenda kwa muuza skrapu mmoja akanunua nyingine, ya gari dogo la Kijapani, imenyooka, haina kutu ya kutisha. Ililetwa kwa mkokoteni Jumanne saa tatu. Mimi ndiye niliyelala chini yake kuikagua. Nilipofika pale bamba linaposhika boksi ya stering, ile ya usukani, tochi ikaniponyoka mkononi.

Baba, mtu anayechomelea anajua mkono wake kama mwalimu anavyojua mwandiko wake. Juu ya bamba lile kulikuwa na nukta tatu za kuchomelea. Nukta tatu tu, na zote zimeng'oka. Zilikuwa zangu. Nilitafuta namba ya chasisi nikailinganisha na ile iliyo kwenye nakala ya logibuku, hati ya gari la Dancan, ninayoiweka kwenye Biblia. Ni ileile. Chuma ulichosema mbele ya kaburi kwamba mtu wa nyumba yako asikipande tena, kilikuwa kimekuja chenyewe mpaka miguuni pangu.

Sasa nakuambia yale ambayo hakuna mtu anayeyajua.

Ile Ijumaa kabla hajafa, Dancan alikuja hapa karakana. Gari lilikuwa limejaa trei za mayai kutoka ng'ambo ya mpaka, anazipeleka Busia. Akasema barabara imempasulia bamba la stering na akaniomba nimchomelee. Kulikuwa na lori la mteja linangoja, dereva wake anapiga kelele kwamba foleni ya forodha itampita. Nawe unajua tabia yetu, ndugu huwekwa mwisho kwa sababu ndugu hatakimbia. Nikamshikizia bamba kwa nukta tatu, kazi ya dakika mbili, kazi ambayo hata mwanafunzi wangu nisingemruhusu aitoe nje ya lango. Nikamwambia itamfikisha Busia, arudi Jumatatu nimalizie. Alicheka, akaniachia mayai sita.

Jumamosi mchana alinipigia simu. Akasema stering ina mchezo, usukani unazunguka kabla magurudumu hayajasikia. Nilikuwa na kazi mkononi. Nilimwambia aendeshe polepole. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia ndugu yangu. Baada ya saa moja walimtoa kwenye mteremko karibu na Amukura.

Wewe uliambiwa alikuwa amelewa, kwa sababu asubuhi hiyo alionekana kwenye sherehe ya rafiki yake na chupa ilikuwa ndani ya gari. Ukasimama kaburini ukasema mbele ya watu wote kwamba mwanao ameuawa na pombe yake, wasimlie sana. Ukasema Sharlyne naye angemzuia kama angekuwa mke wa kweli. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Baba. Ningeweza kusema. Nilijiambia sijui kwa hakika, labda ni pombe kweli, labda bamba lilishika. Miezi ikapita na mimi nimejificha ndani ya hiyo labda. Sharlyne alipojifungua ukakataa mtoto kuitwa Dancan, ukasema jina la mlevi lizikwe na mlevi, na mtoto akaitwa Willis kwa babu wa upande wa mama yake. Nilinunua shuka za mtoto na nikanyamaza.

Ile Jumanne ya chasisi, labda yangu ikaisha. Bamba lilikuwa mbele ya macho yangu limeng'oka pale pale nilipoligusa kwa haraka. Nilimwambia Echodu nina malaria, nikalala siku mbili. Niliporudi sikuweza kumwambia aikatae chasisi, maana angeuliza nimejuaje, na swali moja huzaa la pili. Basi nikalikata lile bamba, nikalificha, nikaweka jipya, nikalichomelea pande zote mpaka Echodu akanitania kama najenga daraja. Niliomba lisijulikane. Nilifikiri nikilifunika vizuri kwa rangi, hata Mungu atapita.

Kisha wiki iliyopita Echodu akaja kwako na zawadi yake, akakuomba uwe wa kwanza kuliendesha kutoka Malaba hadi Busia mbele ya Allan, kwa kuwa wewe ndiye dereva pekee aliyewahi kukaa ndani ya kigari kama kile. Aliporudi akaniambia umekubali, na kwamba umeitoa kofia yako ya udereva sandukuni ukaipiga pasi. Yeye alikuwa anacheka kwa furaha. Grainda niliyokuwa nasagia chuma iliniponyoka ikakata waya wake yenyewe. Nilimwambia wewe ni mzee, tumtafute dereva kijana. Akasema picha ya mzee na kagari ka kizamani ndiyo itakayomfanya Allan aagize kumi.

Jumapili tukalijaribu. Echodu aliendesha, mimi kando yake. Tulipofika mwendo wa arobaini akasema stering ina mchezo kidogo. Baba, ni maneno yaleyale. Nikamwambia asimamishe, nikashuka nikajipenyeza chini ya gari kulitazama bamba. Yeye anasema ni bushi tu, kipira cha stering kilicholegea, atakibadilisha, na huenda anasema kweli. Nimekagua bamba langu mara nane. Nimeligonga kwa nyundo, nimelipaka mafuta nione kama kuna ufa. Halina kosa. Lakini hata lile la kwanza nililiangalia nikasema litamfikisha. Siwezi tena kuliamini jicho langu, na siwezi kukuweka wewe juu ya mkono uliomuua Dancan.

Kwa hiyo leo alfajiri, kabla Echodu hajafika, nimeifungua boksi ya stering nikalikata bamba jipya pia. Gari haliwezi kutoka hapa Jumamosi. Echodu amekwenda Busia kufuatilia vibali, atarudi saa kumi, na nitamwambia yote kama nilivyokuambia wewe. Ni miaka miwili ya maisha yake na fedha za ng'ombe wa babake. Namwogopa. Pengine atanifukuza, na hatakuwa amekosea. Lakini yeye namwogopa nusu. Nusu nyingine na zaidi ni wewe.

Ndani ya lile gazeti ni bamba la kwanza. Liangalie vizuri kwa miwani yako. Wewe ni dereva wa zamani, umelala chini ya magari kabla mimi sijazaliwa, na hutahitaji mtu wa kukueleza. Utaziona nukta tatu. Utaona chuma kilivyochanika. Mwanao alikuwa anashika usukani ambao haukushika kitu. Sijui alikunywa kiasi gani asubuhi ile, na sitakuambia hakunywa. Ninachojua ni kwamba hata kama angekunywa maji matupu, pale asingepona.

Sikuombi msamaha leo, maana sijui kama naustahili na sitaki uniambie kitu kwa haraka. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwite Sharlyne, mkae wawili tu, umweleze kwa mdomo wako kwamba si yeye. Amebeba lawama hiyo miaka miwili na bado anakuchemshia maji ya kuoga kila jioni. La pili, mtoto. Mpe jina la baba yake. Yule aliyezikwa siye mlevi uliyemlaani, ni Dancan wetu aliyemwamini dada yake.

Wasalimie wote wa nyumbani, na mama mdogo kule Busibwabo, na jirani aliyetuazima viti vya matanga. Amongin atalala hapo kwenu usiku mmoja. Kama una la kunijibu, mpe yeye kesho asubuhi. Akirudi mikono mitupu nitaelewa. Na kama magoti yatakuruhusu Jumamosi, usije kuendesha gari. Njoo tu unione.

Ni mimi binti yako, na bado dada yake Dancan,

Wilkister.