Korongo Katika Jaruba Letu

Buriram, 4 Novemba

Mama yangu mpenzi,

Hamjambo huko Surin? Goti la Baba je? Sisi wazima kabisa, na mimi nimenenepa kwa furaha, utadhani nalishwa asali.

Unajua Thongdi alinipeleka wapi Jumapili? Hifadhini, kwenye kinamasi! Alfajiri, ukungu bado, bata wamejaa majini, mara korongo wawili wenye vichwa vyekundu wakaanza kucheza, wanarukiana, wanainamiana. Mume wangu akaninong'oneza, "Hao wakishaoana hawaachani." Nikalia kama mjinga.

Na Mama, jozi nyingine imejenga kiota katikati ya jaruba letu! Mayai mawili! Lakini mpunga umeiva. Tukitoa maji ili mashine ya kuvuna iingie, mbwa watafika kwenye kiota. Tukiyaacha, mashine haiingii, na mavuno yetu ya kwanza yataoza. Thongdi amesema maji hayatoki, tutavuna kwa mundu. Jirani anatucheka: "Bwana harusi, umeoa mke au umeoa ndege?" Ndugu za Thongdi wote wako Bangkok. Tuko wawili tu. Mwambie Baba, tafadhali.

Mwanao,
Lamduan

Surin, 9 Novemba

Lamduan mwanangu,

Pokea salamu zetu. Goti la Baba bado linauma, mdomo wake ndio mzima. Nilimsomea barua yako. Akafoka, "Nilimwoza binti yangu kwa mkulima, si kwa yaya wa ndege! Watoe maji!" Kisha akanuna siku nzima.

Leo ameondoka na pikapu, yeye na shangazi zako wawili, bila kuaga. Miundu yetu yote haipo ukutani.

Kuleni vizuri.

Mama yako

Buriram, 18 Novemba

Mama!

U mzima? Mimi mgongo umekatika na sijawahi kufurahi hivi! Najua shangazi walikupigia simu kuwa wamefika, lakini hawakukueleza yote.

Baba hata salamu hakutoa. Alivua viatu, akaingia majini. "Mkwe, unakata mpunga au unaubembeleza?"

"Naubembeleza, Baba, nisiwaamshe wenyeji."

Baba akacheka, Mama! Kesho yake majirani wakaona haya, wakaja na miundu, hata yule wa maneno mengi. Tulikata tukizunguka kwa mbali, tukawaachia korongo duara la mpunga. Mwingine wote umeanikwa, manjano tupu, mzuri kupita kiasi!

Na jana makinda walitoka. Wawili! Wa kahawia, wanamfuata mama yao majini, na dume akapiga kelele kijiji kizima kikasikia. Thongdi akanikumbatia mbele ya Baba. Baba akajifanya anakagua mundu wake.

Nikamwambia, "Baba, kazi imekwisha, sasa unaweza kurudi."

"Bila kuwaona wakiruka?"

"Baba, hiyo ni miezi mitatu!"

"Kwani nimekuuliza?"

Mtumie nguo zake, Mama. Au njoo nazo mwenyewe.

Mwanao mwenye raha zake,
Lamduan