Jina Nililolitaja Dilala

Musonoi, 4 Machi 2023

Mama mpenzi,

Pole na kazi za shamba. Mguu umepoa? Unasema maneno ya simu hayashikiki, basi nimekuandikia. Stanislas wa treni atakuletea.

Laure anaumwa tena. Vidole vimevimba, analia hata shuka ikimgusa. Hospitali wamempima damu, wanasema ni SS, ugonjwa wa damu wa kurithi: nusu ameitoa kwangu, nusu kwa baba yake Glodi. Maumivu yatakuja na kupita yenyewe, hivyo ndivyo daktari alivyosema. Glodi amekataa kupimwa. Kwao Kasai mtoto akiumwa hivi, mke ameguswa na mwanaume mwingine akaficha. Wanaita tshibawu.

Mama mkwe, Mama Kanku, amempeleka Laure kwake Dilala. Ananiambia, tena kwa upole: "Blandine, mwana yangu, mutoto hawezi pona kama mama yake anaficha. Sema tu." Mpaka niseme, siruhusiwi kumshika wala kumpikia. Mama Kanku si mtu mbaya. Analia kuliko mimi.

Mama, sijaguswa na mtu.

Mwana wako,
Blandine

Lubudi, 15 Machi 2023

Blandine wangu,

Mimi mzima, mguu unasumbua mvua ikinyesha tu. Nisalimie wote huko.

Usiungame kitu ambacho hukufanya! Sisi hapa hatuna mambo hayo. Nilikuzaa mimi, nakujua mpaka ndani.

Ila karatasi hiyo ya hospitali nayo inaniumiza. Kaka yako Kisimba vidole vyake vilivimba vile vile. Tukasema ni baridi ya mto, tukamzika. Kama Laure ameitoa kwako, wewe uliitoa wapi?

Mama yako,
Numbi

Musonoi, 2 Aprili 2023

Mama,

Nisamehe, leo sina nguvu ya salamu ndefu. Nimeungama.

Shangazi zake Glodi walijaa sebuleni, Laure analia chumba cha pili. Wiki tatu sijamshika mtoto wangu, Mama. Nikasema ndiyo, niliguswa. Wakataka jina. "Sema jina, batu banakungoja." Nikamtaja Dodo, yule jirani aliyefukiwa shimoni mwaka jana akichimba shaba. Nilifikiri marehemu hatapata shida na mtu. Sikumfikiria mjane wake Micheline, ambaye sasa hanisalimii tena bombani.

Wakafanya desturi yao, wakanipa mtoto. Siku ya tatu Laure aliomba bukari, akala mwenyewe kwa mkono wake. Mama Kanku akapiga vigelegele mtaa mzima.

Ni uongo mtupu, Mama. Wewe peke yako ndiye unayejua.

Mwana wako,
Blandine

Lubudi, 20 Aprili 2023

Mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu anaendelea kula? Namshukuru Mungu sana.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Unasema ulidanganya. Mwanangu, uongo hauponyi mtoto. Tena huyo Dodo namkumbuka. Alikuja nawe kwenye matanga ya baba yako, akakubebea begi, akakataa kula mpaka wewe umekula. Siku ile sikuona kitu. Sasa naona.

Sikugombezi. Tangu karatasi ile nilikuwa silali, nikifikiri ni damu yangu iliyomwua Kisimba. Kumbe sivyo. Mzigo huo umenitoka kifuani, nalala kama zamani. Nimekusamehe yote.

Mama yako anayekupenda,
Numbi

Musonoi, 11 Juni 2023

Mama,

U mzima? Mguu je? Nimefurahi kusikia unalala.

Nilianza kukujibu mara tatu, nikachana. Nikikuambia tena kwamba Dodo alikuwa jirani tu, nitakurudishia Kisimba kifuani.

Lakini Laure ameanza tena, sasa ni miguu. Mama Kanku alikuja asubuhi akambeba mgongoni, akarudi naye Dilala. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole ule ule: "Blandine, kuna mwingine ulibakisha?"

Tangu asubuhi natafuta. Wanaume walio hai wote ninaowajua wana wake na watoto. Niambie, Mama, safari hii nimtaje nani?

Mwana wako,
Blandine